Tangi la plastiki lina ufa na gundi haishiki: linaungika, au ndiyo basi?

*“Nina tangi la plastiki jeusi la lita 2,000, limekaa nje juani kwa miaka minane. Majuzi nimeona ufa wa wima, urefu wake kama kiganja, chini kabisa karibu na bomba la kutolea maji. Nilipunguza maji, nikakausha, nikapaka silikoni. Baada ya siku mbili likavuja tena. Nikajaribu gundi ya epoksi, nayo ikabanduka nzima nzima. Jirani ananishauri niyeyushe kipande cha ndoo nizibie. Mwingine anasema nipake lami kwa ndani. Maji haya tunayanywa baada ya kuyachemsha. Je, tangi hili linatengenezeka? Na nikinunua jingine, nifanye nini lisipasuke?”*

Pole kwa usumbufu. Kabla ya maelezo marefu, naomba ufanye jambo moja leo: toa maji yote tangini, na watoto wasicheze karibu nalo mpaka liwe tupu. Lita 2,000 za maji ni tani mbili kamili. Ufa wa wima ulio chini ya tangi ndio wa hatari kuliko zote, kwa sababu maji yanazidi kuupanua kila yanapojaa, na siku ukishindwa kuvumilia unaweza kupanda ukuta mzima kwa mara moja.

Nimekuelewa hivi: hutaki kutupa tangi zima kwa sababu ya ufa wa kiganja kimoja, na pia hutaki kuinywesha familia yako kitu kibaya. Una haki kwa yote mawili. Tangi linaweza kuungwa, ila si kwa gundi, na ikiwa tu plastiki yenyewe bado ina uhai. Tena hata likiungwa vizuri, ufa utarudi usipoondoa kilichouleta. Kwa jinsi ulivyoeleza, mshukiwa wangu wa kwanza ni bomba.

Nianze na gundi, maana hapo ndipo watu wengi wanapopoteza pesa. Karibu matangi yote ya namna hii hutengenezwa kwa polithini. Gundi yoyote, ili ishike, lazima kwanza itandae na kulowanisha uso wa kitu. Polithini haikubali kulowanishwa. Gundi inakaa juu yake kama tone la maji juu ya jani la gimbi. Ndiyo maana silikoni yako ilionekana imeshika ilipokauka, kisha maji yakapita chini yake. Epoksi ina tatizo la ziada: ikishakauka huwa ngumu, wakati ukuta wa tangi unapumua kila siku, unatanuka maji yakijaa na jua likiwaka, unanywea yakipungua na usiku ukiingia. Kitu kigumu juu ya kitu kinachonyumbuka lazima kibanduke. Kwa hiyo hukukosea kupaka. Hakuna ufundi wa upakaji ambao ungeokoa gundi hizo mbili.

Kuna jambo jingine linalosahaulika. Ulipaka nje. Kiraka cha nje kinasukumwa na maji kitoke, kiraka cha ndani kinasukumwa na maji kibane. Hata utepe mzito wa mpira unaonata, ambao ni msaada wa muda unaofaa kuliko gundi nyingi, huishi zaidi ukiwekwa ndani kuliko nje.

Sasa tuangalie ufa umetoka wapi. Shinikizo la maji halitegemei upana wa tangi, linategemea kina. Tangi likiwa na maji ya kina cha mita 1.5, kila eneo la sentimita 10 kwa 10 karibu na kitako linasukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 15. Juu kabisa, karibu na usawa wa maji, nguvu hiyo ni kama haipo. Ndiyo sababu tangi zuri huwa nene zaidi chini, na ndiyo sababu ufa wa juu begani na ufa wa chini kitakoni ni magonjwa mawili tofauti kabisa. Msukumo huo unauvuta ukuta kwa mzunguko, na ukuta unaovutwa kwa mzunguko huchanika kwa wima. Ufa wako umefuata kanuni hiyo.

Lakini ukuta wote wa chini unavutwa sawasawa. Mbona umechanika karibu na bomba na si upande wa pili? Kwa sababu palipo na tundu, nguvu zote zinazopita ukutani hulazimika kuzunguka tundu hilo na kurundikana ukingoni mwake. Tundu la duara lililokatwa kwa msumeno wa duara na kusafishwa ukingo linaweza kuvumilia mrundikano huo miaka mingi. Tundu lililotobolewa kwa kisu cha moto, au kwa matundu madogo madogo yaliyounganishwa, lina pembe na michubuko, na kila pembe ni mwanzo wa ufa. Ongeza hapo bomba gumu lililofungwa kwenye koki nzito bila nguzo ya kulishikilia: uzito wote unaning’inia kwenye ukuta wa plastiki, na kila mtu anapofungua koki anautikisa. Ongeza tena jua. Polithini hutanuka kwa joto mara nyingi zaidi ya chuma. Urefu wa mita moja ukipanda nyuzi 30 huongezeka kwa takribani milimita 4 hadi 6. Kama bomba lako limezikwa kwenye zege hatua moja kutoka tangini, tangi likitanuka halina pa kwenda. Kinachotoa nafasi ni ukuta wake.

Lingine ni sabuni. Mafundi wengi hupaka sabuni ya maji au grisi kwenye raba ya kiungio, kile kinachounganisha bomba na ukuta wa tangi, ili iingie kwa urahisi. Polithini isiyovutwa na chochote haidhuriwi na sabuni, ndiyo maana chupa za sabuni zenyewe hutengenezwa kwa plastiki hiyo. Polithini iliyobanwa na nati na kuvutwa na maji ni habari nyingine: sabuni huisaidia nyufa ndogo ndogo kuzaliwa na kukua, polepole, miezi au miaka baadaye. Ukifungua kiungio chako ukakuta nyufa nyembamba zinatoka ukingoni mwa tundu kama miale, umepata chanzo.

Na jua lenyewe? Mionzi ya urujuanimno hukatakata minyororo mirefu inayoipa plastiki unyumbufu wake. Bahati yako, tangi lako ni jeusi. Weusi huo ni masizi ya kaboni, na kaboni ikichanganywa kwa kiasi cha asilimia 2 hadi 3 hunyonya mionzi hiyo kabla haijapenya ndani, hivyo uharibifu hubaki kwenye ngozi ya juu. Hata hivyo ngozi hiyo ikishakuwa kavu na dhaifu, mpasuko unaoanzia hapo unaweza kuendelea mpaka kwenye plastiki nzima iliyo chini yake. Miaka minane peke yake hainiambii kitu. Nimeona matangi ya umri huo yenye afya na mengine machanga zaidi yaliyokwisha.

Kwa hiyo usiniulize mimi kama tangi lako ni zima, liulize lenyewe. Chukua kisu kikali au wembe. Karibu na ufa, na tena mahali panapopigwa jua zaidi juu begani, kwangua plastiki kwa kusukuma kisu taratibu kama unayechonga mti. Ikitoka unyuzi mrefu unaojikunja na haukatiki unapouvuta, plastiki iko hai na inaungika. Ikitoka unga au vipande vifupi vinavyovunjika vidoleni, hata baada ya kuondoa ngozi ya juu na kufika kwenye rangi mpya, basi tangi limekufa. Utaliunga hapa, litapasuka pembeni ya mshono. Usilitumilie pesa nyingine.

Tuseme limetoa unyuzi. Njia sahihi ni kuchomelea plastiki kwa plastiki, yaani kuyeyusha pande zote mbili pamoja na uzi wa plastiki ya aina ileile mpaka viwe kitu kimoja. Hapa nakuja kwa jirani yako wa ndoo. Wazo lake lina nusu ya ukweli. Angalia chini ya ndoo: kuna alama ya pembetatu yenye namba. Namba 2 na 4 ni jamii ya polithini. Namba 5 ni polipropilini, na ndoo nyingi ni za namba hiyo. Polipropilini itayeyuka, itatapakaa vizuri, itaonekana imeshika, lakini haichanganyiki na polithini. Ikipoa utaibandua kwa ukucha. Hata ndoo ya namba 2 si chaguo langu, kwa kuwa kwa kawaida ni ngumu kuliko ukuta wa tangi na huyeyuka tofauti. Kipande bora kuliko vyote ni cha tangi lenyewe, au cha tangi lingine la aina hiyo: yale maduara yanayobaki mafundi wanapotoboa matundu ya mabomba ni dhahabu. Yakate vipande vyembamba kama penseli, hizo ndizo nyuzi zako za kuchomelea.

Kazi yenyewe huanza kwa kuutafuta mwisho wa ufa, na mwisho huo hauko pale macho yanapouona. Paka wino wa kalamu nene juu ya ufa na sentimita kadhaa mbele yake, kisha futa kwa kitambaa chenye spiriti. Wino utatoka kwenye uso na kubaki ndani ya ufa, mstari mwembamba unaokuonyesha ulikofika kweli. Mbele kidogo ya kila ncha, toboa tundu la milimita 5 au 6. Usiogope kuongeza matundu kwenye tangi linalovuja. Ncha kali ya ufa ndiyo inayoendelea kukata, na tundu la duara linaiondolea makali. Fundi anayeruka hatua hii anakuachia ufa unaoendelea kutembea chini ya mshono mpya.

Ukishatoboa, panua ufa kwa nje uwe mfereji wenye umbo la V, kina chake kama theluthi mbili za unene wa ukuta. Kwangua ngozi ya zamani pande zote mbili, kama upana wa vidole viwili kila upande, mpaka rangi mpya itokee. Msasa peke yake hautoshi, kwa kuwa mara nyingi unasugulia uchafu ndani badala ya kuutoa. Futa kwa spiriti, acha pakauke kabisa. Unyevu ukibaki utageuka mvuke na kutoboa mshono vitundu usivyoviona.

Polithini hii huyeyuka karibu na nyuzi 125, lakini mashine ya hewa moto huhitaji kupuliza kwa nyuzi 250 hadi 300 ili joto lifike ndani. Pasha mfereji na uzi kwa wakati mmoja. Macho yako ndiyo kipimo: sehemu zote mbili zikianza kung’aa kama zimelowa, bonyeza uzi ndani ya mfereji. Ukipasha uzi tu, utakuwa umemwagia plastiki juu ya plastiki baridi, na hiyo ni gundi nyingine tu. Moshi ukitoka umezidisha, sogeza mashine. Jaza kwa tabaka, na matundu yale mawili uyazibe pia. Usimwagie maji ili ipoe haraka. Iache ipoe yenyewe. Kisha rudia kwa ndani kama unapafikia, kwa sababu mshono wa upande mmoja ni nusu ya nguvu. Wengine huzamisha kipande cha wavu wa chuma kisichoshika kutu juu ya mshono na kuufunika kwa plastiki, na kwa ufa wa chini kama wako nakubaliana nao.

Wasio na mashine ya hewa moto hutumia kile kifaa cha umeme ambacho mafundi redio huyeyushia risasi. Kinaweza kufaa kwa ufa mfupi wa juu. Kwa ufa wa chini, ulio na urefu wa kiganja, kinayeyusha uso tu na ndani panabaki wazi. Chuma kilichopashwa kwenye moto wa mkaa ni kibaya zaidi, maana huwezi kujua joto lake, na plastiki inayoungua haina nguvu.

Tafadhali usiingie ndani ya tangi peke yako, na kamwe usichomelee au kupangusa kwa spiriti ukiwa umejifungia humo. Hewa haizunguki, mvuke wa spiriti unawaka, na mtu anaweza kuzimia bila aliye nje kujua. Tangi tupu si zito. Lilazeni wawili, mdomo utazame upepo, na mtu wa pili abaki nje muda wote.

Kuhusu lami, jibu langu ni hapana. Wewe unakunywa maji hayo. Lami ina kemikali za mafuta ambazo hazipaswi kukaa ndani ya maji ya kunywa, na kuchemsha kunaua vijidudu tu, hakuondoi kemikali. Tena lami haishiki polithini vizuri zaidi ya epoksi. Hiyo hiyo ndiyo kanuni kwa petroli iliyoyeyushiwa povu la plastiki, dawa ambayo nasikia ikisifiwa. Kama ni lazima kupaka kitu ndani ya tangi la maji ya kunywa, kiwe kimeandikwa wazi na mtengenezaji kwamba kinafaa kwa maji ya kunywa.

Je, kuna njia isiyo ya moto? Ipo, kwa hali fulani. Nyufa zikiwa fupi na zote zimetoka kwenye ukingo wa tundu la bomba, unaweza kukata tundu kubwa la duara linalozimeza zote na kufunga kiungio kikubwa zaidi. Ni ukarabati safi kuliko yote. Ufa wako wa kiganja ni mrefu mno kwa hilo. Kipo pia kiraka cha mabamba mawili yenye raba katikati na boliti, kinachofaa kwa tundu lililochomwa na kitu chenye ncha. Kwa ufa wa wima chini, kila boliti inahitaji tundu jipya mahali palepale panapovutwa zaidi, kwa hiyo sikipendekezi. Mfuko wa ndani uliotengenezwa kwa maji ya kunywa nao huzuia uvujaji vizuri, lakini ukuta uliopasuka bado ndio unaobeba mzigo, na ufa ukikua mfuko unatoka nje.

Ungeniuliza ningefanya nini na tangi kama lako, ningesema hivi. Likiwa chini, juu ya zege, na plastiki ikatoa unyuzi, ningelichomelea pande zote mbili, kisha ningelifanya la maji ya bustani na kufua, na lisijazwe zaidi ya nusu. Maji ya kunywa ningeyahamishia kwenye tangi jipya likipatikana. Lakini kama liko juu ya mnara au juu ya dari watu wakilala chini yake, nisingeliunga kabisa. Mshono mzuri bado ni mshono, na tani mbili juu ya vichwa vya watu si mahali pa kuujaribia.

Baada ya kuunga, jaza robo, usubiri siku nzima. Paka vumbi la chaki kavu juu ya mshono. Unyevu mdogo kabisa utaonekana kama doa jeusi. Pakibaki pakavu, ongeza mpaka nusu, usubiri tena. Ukilazimika kulitumia kwa kunywa kwa muda, lisafishe kwanza: lita moja ya dawa ya klorini ya nyumbani yenye nguvu ya asilimia 5, isiyo na manukato, kwa kila lita 1,000 za maji, ikae usiku mzima, kisha umwage yote na kusuuza. Maji hayo ya dawa yasinywewe, wala yasimwagwe kwenye mimea.

Tangi jipya nalo, kazi kubwa inafanyika kabla halijaingia hata ndoo moja ya maji. Kitako chote kikae juu ya kitu bapa, kigumu, kipana kuliko tangi lenyewe. Pitisha kiganja juu ya zege kabla ya kuliweka. Kokoto moja unayoihisi mkononi leo itakuwa imebebeshwa mzigo kwa miaka. Mbao zenye nafasi katikati ni adui, kwa kuwa kitako huzama kwenye nafasi na kuchanika kwenye kingo za mbao. Tundu likatwe kwa msumeno wa duara, kiungio kifungwe kwa mkono kisha nati izungushwe kidogo tu, bila sabuni wala grisi. Raba ikianza kufinyangwa na kutokeza pembeni, umekaza kupita kiasi. Kati ya tangi na bomba gumu weka kipande kinachopinda, na bomba liwe na nguzo yake. Usilizungushie tangi waya au mkanda wa chuma uliokaza.

Kivuli ni kizuri, hata cha bati upande wa jua la mchana. Tundu la hewa lisizibwe: pampu inayovuta maji kwenye tangi lisilopumua huzifyonza kuta ziingie ndani, na kukunjwa hivyo kila siku kunalichosha. Wakati wa kulisafirisha libebwe, lisiburutwe wala kuviringishwa juu ya mawe. Na likiwa tupu mahali penye upepo, acha maji kidogo chini lisianguke.

Mwite fundi anayechomelea plastiki, sio fundi bomba tu, kama ufa unazidi urefu wa kiganja, kama umefika kwenye mkunjo ambapo ukuta unakutana na kitako, kama ni zaidi ya mmoja, au kama ukuta umetuna upande mmoja. Tangi likiwa limeinama, tafuta kwanza mwashi akague zege au mnara. Huyo wa kuchomelea muulize maswali mawili kabla hajawasha mashine: uzi wako ni wa plastiki gani, na utatoboa ncha za ufa? Akijibu kwamba plastiki zote ni sawa, mshukuru na utafute mwingine. Na kabla hajaja, fungua kile kiungio cha bomba uangalie ukingo wa tundu. Ukiona miale niliyoitaja, mwonyeshe, kwa sababu kazi yake itaanzia pale.